Nimechoka Kuanza Upya

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Nina miaka 51, nimeolewa, nina watoto watatu. Kazi yangu ni ya hesabu, nakaa kitini tangu asubuhi mpaka jioni. Nakuandikia kwa sababu ya jambo dogo lililonitokea mwezi uliopita, ambalo mpaka leo halijanitoka moyoni.

Nilikuwa nimekaa sakafuni natafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto kwenye droo ya chini ya kabati. Nilipokipata nikataka kuinuka, nikashindwa. Magoti yaligoma, kiuno kikagoma. Nikaegemea kabati, nikajaribu tena, nikarudi chini. Mwanangu wa mwisho, ana miaka 14, akaja akaninyooshea mkono, akasema, "Shika, mama." Hakucheka. Alinivuta taratibu, vile vile anavyomvuta bibi yake. Nikaenda bafuni, nikafunga mlango, nikalia. Tangu siku ile makaratasi yote ya droo ya chini nimeyahamishia droo ya juu.

Usidhani sijajaribu, Shangazi. Mwaka juzi nililipia jimu ya mwaka mzima. Nikaenda kila siku kwa wiki tatu, goti likavimba, sikurudi tena. Baadaye nikatumiwa kwenye simu mpango wa kula mlo mmoja kwa siku bila wanga wowote. Nilipungua kilo 6 kwa mwezi, na kabla mwaka haujaisha nilikuwa nimeongezeka 8. Mwaka jana nikanunua viatu vya kukimbilia, nikawa naamka saa kumi alfajiri. Siku ya 12 nikashikwa na homa, nikalala siku nne. Nilipopona nikajiambia, "Umeshaharibu, utaanza vizuri mwezi ujao." Viatu viko chini ya kitanda mpaka leo. Mwaka huu nimeshanunua unga wa kusafisha mwili mara mbili.

Usiku nalala kwenye saa sita, maana ndio wakati pekee ninaokuwa peke yangu na simu yangu, na saa kumi na moja na nusu niko macho. Siku nyingine naamka katikati ya usiku nimelowa jasho. Mchana nachoka mpaka namkaripia mtu asiye na kosa.

Mume wangu ni mtu mwema, ila akiniona nahangaika ananiambia, "Achana nayo, mama watoto, umri ni umri." Nina rafiki tuliyesoma naye darasa moja, ukimwona utasema ana miaka 38. Anasema siri yake ni maji ya ndimu kila asubuhi.

Sitaki kuwa msichana tena. Nataka mwili nisiouogopa. Je, nimechelewa? Na kama sijachelewa, kuna kitu gani nikikianza hakitakufa wiki ya tatu?

Mimi niliyechoka kuanza upya.

*

Marahaba, mwanangu. Nina miaka 69, kwa hiyo hata kwa umri wako huo nakuita mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye ile droo. Umeieleza kama jambo la kupita, nami nimeona ndilo kubwa kuliko yote uliyoandika. Mwili ulishindwa kuinuka siku moja, nawe ukapanga nyumba upya ili usiuombe kuinuka tena. Kesho utaacha ngazi. Keshokutwa utamtuma mtoto kitu ambacho ungekifuata mwenyewe. Misuli isiyoombwa kazi haikai ikisubiri, inapungua, na kadiri inavyopungua ndivyo tunavyozidi kuiepusha na kazi.

Nianze na swali lako la kwanza. Hujachelewa, na sisemi hivyo kukufariji.

Mwaka 1966, katika mji wa Dallas huko Marekani, watafiti waliwalaza kitandani vijana watano wazima wa afya, wote wa miaka 20, kwa wiki tatu. Walipowapima, uwezo wa miili yao kutumia hewa wakati wa kazi ngumu ulikuwa umeporomoka vibaya. Miaka 30 baadaye wakawatafuta wale wale watano, sasa watu wazima wa miaka 50, umri wako. Ikaonekana kwamba zile wiki tatu za kitandani ziliwapunguzia nguvu kuliko miaka 30 ya kuishi. Kisha wakawafanyisha mazoezi kwa miezi sita, kutembea, kukimbia polepole na baiskeli, wakianza kidogo na kuongeza taratibu. Uwezo ule ambao miaka 30 ilikuwa imeuchukua ukarudi. Na uzito wao, ukitaka kujua, ulipungua kidogo tu. Ndiyo maana nakuomba mizani uisahau kwa sasa.

Kuna utafiti mwingine ninaoupenda zaidi, kwa sababu uliwahusu watu walionizidi hata mimi. Mwaka 1990 zilichapishwa habari za wakazi 10 wa nyumba ya kutunzia wazee huko Boston, wa umri wa miaka 86 hadi 96. Walifundishwa kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki nane. Tisa walimaliza, na nguvu za miguu yao zikazidi maradufu. Wawili wakaacha kutumia mkongojo. Fikiria mtu wa miaka 90 anaweka mkongojo pembeni, halafu uniulize kama wa 51 amechelewa.

Sitakudanganya kwamba kila kitu kinarudi. Macho ya kusomea maandishi ya karibu hayatarudi yalivyokuwa, mvi zitabaki mvi. Lakini yale yaliyokuliza bafuni, magoti, kiuno, pumzi, uchovu wa mchana, sehemu yake kubwa inatokana na mwili kukaa bila kutumika, na hilo linarekebishika.

Kabla ya lolote, nenda ukapimwe. Umeniambia unaamka umelowa jasho, nawe una miaka 51, lakini habari za hedhi hukugusia kabisa. Wanawake wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55, na kipindi kile huja na jasho la usiku, usingizi wa vipande vipande, hasira za ghafla, na misuli na mifupa kupungua kwa kasi kuliko zamani. Huenda nusu ya unachokiita uvivu ni hicho, na kina msaada wake hospitalini, usikivumilie kimya kimya kama tulivyofundishwa sisi. Hata hivyo jasho la usiku lina sababu nyingi, kwa hiyo mtajie daktari, usijitibu kwa kukisia. Mwombe akupime presha (ikifika 140 kwa 90 mara kwa mara, hiyo ni ya juu), sukari, upungufu wa damu na tezi ya shingoni. Kila moja kati ya hizo inaweza kumchosha mtu mpaka akajiona mzee. Mwulize na mumeo kama unakoroma na kukata pumzi usingizini. Goti pia mwonyeshe.

Sasa tuje kwenye wiki ya tatu, maana hapo ndipo penye barua yako yote.

Unajieleza kama mtu asiye na msimamo. Mimi nimehesabu: jimu, chakula, viatu, unga mara mbili. Asiye na msimamo haanzi mara tano. Kuanza unakujua vizuri sana. Hukufundishwa kurudi. Hebu soma tena ulichoandika kuhusu ile homa. Homa ilikupotezea siku nne tu. Mwaka mzima ulipotea kwa yale maneno, "Umeshaharibu." Huko London, watafiti wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wanajenga kila mmoja tabia moja mpya ndogo, kama kunywa maji wakati wa chakula au kutembea kidogo. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka jambo likawa linajifanya lenyewe bila kulazimishwa. Wengine walihitaji siku 18, na wengine walikadiriwa kuhitaji hadi 254. Na waliokosa siku moja hapa na pale hawakuharibu kitu. Wewe wiki tatu ulizihesabu kuwa umeshindwa, kumbe zilikuwa bado ni mwanzo.

Kwa hiyo mpango wako wa kurudi uandike kabla ya mpango wa kuanza. Chukua karatasi leo, ukiwa umetulia, ujiandikie barua fupi ya siku utakayokwama. Iseme hivi: nikiugua napumzika mpaka homa iishe kabisa, siku ya kwanza nikipona nafanya nusu ya ninachofanya sasa, na siku nisiyo na nguvu wala muda nafanya kile kidogo kabisa, kisha nalala nikijua nimefanya. Iweke mahali utakapoiona. Nilipofiwa na mume wangu niliacha kutembea kwa miezi minne. Niliporudi, nilitembea mpaka getini na kurudi ndani, basi. Siku ya pili hivyo hivyo. Ningeanza pale nilipoachia nisingetoka nje hata siku moja.

Kile kidogo chenyewe ni hiki. Kila ukimaliza kupiga mswaki, asubuhi na usiku, keti kwenye kiti kigumu kisichoteleza, kilichoegemezwa ukuta, kisha usimame bila kushika kitu. Keti tena taratibu, usijitupe. Mara tano. Mswaki hukuwahi kuusahau hata wakati wa homa, ndiyo maana naufunga na mswaki. Mkono ukihitajika mwanzoni, utumie, upunguze siku hadi siku. Daktari akisharidhika na goti, baada ya wiki mbili fanya mara nane, kisha kumi. Ukiona kiti ni rahisi, tafuta cha chini zaidi, kisha kigoda, na mwisho sakafu. Mapaja yakipata nguvu, goti nalo hupata wa kulisaidia mzigo. Kule jimu walikuanzisha na mazoezi ya mtu aliyekuwa hajakaa kitini miaka 20.

Usilichukulie kuwa ni dogo mno. Misuli huanza kupungua tangu miaka ya thelathini, kiasi cha asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi, na baada ya 60 kasi inaongezeka. Ukitegemea kutembea peke yake kukulinde, pumzi itapona na miguu itabaki dhaifu. Shirika la Afya Duniani linataka mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki, na hilo ndilo watu wengi wa rika letu hulisahau.

Kutembea nako kuna nafasi yake kubwa. Kiwango ni dakika 150 kwa wiki za mwendo wa haraka kiasi, ule ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Ni nusu saa kwa siku tano, na si lazima iwe kwa mkupuo. Tangu mwongozo wa shirika hilo hilo wa mwaka 2020, hata dakika tano tano zinahesabika. Zile hatua 10,000 zinazotajwa kila mahali zisikutishe, asili yake ni jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, hazikutoka kwa daktari. Anza na dakika kumi baada ya chakula cha mchana, ukiwa na viatu vile vile vilivyo chini ya kitanda. Ukisikia kifua kinabana, kizunguzungu, au pumzi inakata kupita kawaida, simama, na ukamwone daktari siku hiyo hiyo.

Usingizi umeuzungumzia kwa mistari miwili, nami nataka tukae hapo kidogo. Saa sita mpaka kumi na moja na nusu ni saa tano na nusu. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Ulipoanza kukimbia uliamka saa kumi, yaani mazoezi uliyakata kutoka kwenye usingizi ambao tayari ulikuwa hautoshi, na mwili ukagoma kama ambavyo wowote ungegoma. Ukikosa usingizi njaa ya vitu vitamu huongezeka, hasira hupanda, na maradhi hupata mlango. Najua ile saa ya usiku ndiyo yako peke yako, na siwezi kumwambia mama wa watoto watatu aitoe bure. Itafutie mahali pengine. Zile dakika za kutembea mchana ziwe zako, bila mtu, bila simu mkononi. Kisha usiku simu ilale kwenye chaji chumba kingine, nawe usogeze kulala kwa robo saa kila wiki. Baada ya wiki sita utakuwa unaingia kitandani saa nne na nusu usiku. Kama jasho ndilo linalokuamsha, hilo ni la daktari tuliyemtaja.

Chakula nitakisema kwa ufupi, maana umeshapewa masharti mengi kuliko unayoweza kubeba. Zile kilo 6 hazikuwa mafuta matupu. Anayejinyima ghafla bila mazoezi hupoteza na misuli, na kinachorudi huwa mafuta zaidi. Kwa mwezi wa kwanza usibadili chakula. Mwezi wa pili punguza kitu kimoja, vinywaji vyenye sukari. Baada ya hapo acha mboga na matunda vichukue nusu ya sahani, na kila mlo uwe na kitu cha kujenga mwili, mayai, samaki, nyama, kunde au maziwa, maana misuli unayoijenga inahitaji malighafi. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai. Unga wa kusafisha mwili uache leo. Ini na figo zako zinafanya kazi hiyo usiku na mchana, na baadhi ya unga huo umewahi kuyaharibu maini ya watu. Dawa ya kurudisha ujana haipo.

Na huyo rafiki yako mpende, mwache na ndimu zake. Ngozi ya uso ina mambo yake, urithi, jua, sigara. Haikuonyeshi moyo wake unavyopiga akipanda ngazi.

Mumeo usibishane naye. Mwambie jambo moja jipya analoweza kulifurahia: nchini Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari walifuatiliwa, na wale waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea zile dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 58. Kwa wenye miaka 60 na kuendelea ilikuwa asilimia 71. Waliofaidi zaidi walikuwa wakubwa. Kisha mwombe akusindikize jioni mbili kwa wiki. Kama hataki, nenda, utarudi umkute.

Mtoto naye umweleze. Aliponyoosha mkono alikuona vizuri kuliko ulivyofikiri, na nina hakika usiku ule alikuwaza. Mwambie mama anajifunza kuinuka, na umpe kazi ya kukuhesabia pale kwenye kiti.

Niandikie baada ya siku 90. Usiniandikie kilo, niandikie unasimama mara ngapi bila kushika, unalala saa ngapi, na mara ngapi umekwama ukarudi. Ila kuna jambo moja nataka ulifanye leo, kabla hujalala. Yale makaratasi, yatoe juu uyarudishe droo ya chini.

Wako,
Shangazi